Filamu ya 35mm kwa jumla: ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Tuanze na hesabu. Roli la jumla, yaani filamu ndefu unayoikata na kuipakia mwenyewe kwenye kaseti, huwa na futi 100 (mita 30.5). Filamu moja ya picha 36 hula kama mita 1.65 ukijumlisha ulimi wa mbele na mkia unaogandishwa kwenye kijiti cha kaseti. Roli hilo basi hutoa filamu 18, na hubaki kipande cha kama picha kumi za kujaribia. Chukua bei ya roli, ongeza usafiri na ushuru, gawa kwa 18, kisha linganisha na bei ya filamu moja ya aina ileile unayonunua rejareja. Tofauti isipofika robo, mimi sijisumbui. Kazi ya kupakia ina vumbi lake na hasara zake, na robo ndiyo malipo ya kuivumilia.

Tri-X ya Kodak mara nyingi hushindwa mtihani huo. Ni filamu nzuri mno, lakini roli lake la jumla huuzwa kwa bei inayoua maana yote ya kununua jumla.

Na wala huu si ujanja wa juzi. Leica aliyoibuni Oskar Barnack ilipoingia sokoni mwaka 1925, ilitumia filamu ya sinema, na mwenye kamera alijipakia kaseti zake gizani. Kaseti ya kutumia na kutupa, iliyopakiwa tayari kiwandani, Kodak waliileta mwaka 1934.

Filamu: mpangilio wangu

Ya kwanza ni Fomapan 100, inayotengenezwa Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki. Naiweka juu kwa sababu mbili ambazo wauzaji hawazitaji. Kwanza ni jua letu. Ukiwa na filamu ya 400 (hiyo ni namba ya ISO: ikiwa kubwa, filamu inahitaji mwanga mdogo) saa sita mchana ufukweni, kipimo ni sekunde 1/400 kwa tundu dogo la lenzi, f/16, na kamera nyingi za zamani shata yake inaishia 1/500 au 1/1000. Umefungwa, huwezi kufungua lenzi hata ukitaka usuli uwe na ukungu. Ya 100 inakupa nafasi ya kupumua. Sababu ya pili ni kamera ndogo zinazosoma zenyewe alama za DX, zile zinazoiambia kamera ISO ya filamu, kwenye kaseti. Kaseti ya kujipakia haina alama hizo, na nyingi ya kamera hizo zikikosa alama hujipangia ISO 100. Ukiwa umepakia filamu ya 100, umepona bila kufanya chochote. Ubaya wa Fomapan ni usiku: kiwanda chenyewe kinasema kipimo kikitoka sekunde 1 uipe 2, na kikitoka sekunde 10 uipe 80. Kwa picha za mwezi na taa za bandarini, tafuta nyingine.

Ya pili ni Kentmere Pan 400. Hutoka kwa Harman, Uingereza, walewale wanaotengeneza Ilford, na ndiyo 400 ya bei ya chini ninayoiamini. Ukiwa mtu wa ndani ya nyumba, harusi na vibarazani jioni, igeuze iwe ya kwanza yako.

Ilford HP5 Plus naiweka ya tatu, si kwa ubora, maana kwa ubora ingeongoza. Ukiipiga kama ya 1600 na kuiongezea muda kwenye dawa ya kuoshea, bado inakupa picha ya kutundika ukutani. Lakini bei yake ya jumla haishuki sana chini ya rejareja, na ile hesabu ya 18 ndiyo itakayokuamulia.

Kisha tunaingia kwenye filamu za sinema, ambako ndiko akiba kubwa iliko na ndiko watu wanakokwama. Double-X ya Kodak, namba 5222, ni nyeusi-nyeupe iliyokuwapo tangu 1959. Mwangani ihesabu kama ISO 250. Dawa ya kawaida kama D-76 inaiosha vizuri. Tatizo ni kwamba Kodak huiuza kwa futi 400 au 1000, na kipakizi cha kawaida, yaani kisanduku cha kupakia filamu kwenye kaseti, hakimezi zaidi ya 100. Itabidi uikate vipande gizani, au ununue kwa mtu aliyekwisha kuikata, naye anataka chake.

Vision3, ya rangi, naiweka ya tano, na kwa asiyeosha mwenyewe naiondoa kabisa. Mgongoni ina tabaka jeusi la kaboni liitwalo remjeti. Likiingia kwenye mashine ya studio linachafua dawa na filamu za wateja wengine. Usimfanyie fundi wako hivyo bila kumwambia. Kuanzia 2025 Kodak wameanza kuitoa bila remjeti, lakini rangi zake bado zimepangwa kwa dawa ya ECN-2, si C-41 ya studio za kawaida. Muulize muuzaji ni toleo lipi kabla hujalipa.

Maroli yaliyopitwa na tarehe yako mkiani. Ya kasi ndogo yaliyokaa kwenye friji unaweza kuyabahatisha. Ya 400 kwenda juu ambayo hujui yalilala wapi, waachie wengine.

Kipakizi

Hapa mtumba unaushinda upya. Watson, kipakizi cha zamani cha Kimarekani, kina lango linalofunguka ukishafunga kifuniko, na filamu hupita wazi bila kuguswa na kitu. Vingine vingi, kama Lloyd's ya zamani na Bobinquick ya AP ya Hispania inayopatikana mpya, huzuia mwanga kwa midomo ya mahameli inayobana filamu. Chembe moja ya mchanga ikinasa pale, inakuchorea mstari mmoja mnyoofu kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, filamu zote 18. Anayeishi pwani anajua mchanga unavyofika usipotumwa. Kwa hiyo Watson kwanza, AP pili ukisafisha mahameli kila unapobadilisha roli, na Lloyd's ikiwa umepewa bure.

Watson ina sharti moja: funga lango kabla ya kufungua mlango wa kaseti. Ukisahau, mwanga unaingia kwenye roli zima.

Unaponunua cha mtumba, omba picha ya ndani. Angalia ufa kwenye plastiki, angalia kama mpini unazunguka bila kukwama. Kihesabu cha picha kikiwa kimekufa, bei ishuke, ila usikikatae: unaweza kuhesabu mizunguko ya mkono kwa kipande chakavu cha filamu na kuandika namba kwenye kifuniko.

Hata kipakizi kizuri kina hasara yake. Mkia wa filamu unaugandisha kwenye kijiti mwangani, kwa hiyo picha moja au mbili za mwisho huungua. Usimwekee bibi harusi picha ya 36.

Wasiotaka kununua kipakizi wana njia ya bure: chumba kisicho na dirisha, usiku, misumari miwili ukutani iliyoachana mita 1.65, glovu za pamba, na mikono inayojua inachofanya. Unapima kwa kugusa, unakata, unagandisha, unakunja upande unaonasa picha ukiangalia ndani. Hakuna picha inayoungua. Kwa roli la kwanza la kujaribu, naona njia hii ni bora kuliko kipakizi kibovu.

Kaseti

Za plastiki zenye vifuniko vya kuzungusha ni rahisi na zinatosha, ila zikidondoka hufunguka, na mahameli ya mdomoni huchoka. Za chuma ni imara zaidi. Kumi zinatosha kuanzia.

Za bure zipo kwenye studio yoyote inayoosha filamu: waombe waache ulimi wa sentimita mbili ukichungulia nje, kisha unaunganisha filamu yako hapo kwa gundi-utepe pande zote mbili, imenyooka. Alama za DX zinabaki, kwa hiyo kusanya kaseti za ISO ileile unayopakia. Mwenye kamera inayovuta filamu kwa mota aunganishe kwa nguvu zaidi. Mota ikiing'oa filamu kwenye kijiti, hairudi ndani ya kaseti, na itabidi kamera ifunguliwe gizani.

Likiwa njiani

Roli likija na mtu kwa ndege, alibebe mkononi, si kwenye begi la kupakiwa, na aombe likaguliwe kwa mkono palipo na mashine mpya za CT za kukagulia mizigo, zenye eksirei inayoweza kuiharibu filamu. Kopo ambamo roli limefungwa halina dirisha, na afisa mwenye bidii atataka kulifungua. Mwambie msafiri wako aandike juu ya kopo kwa herufi kubwa, kwa lugha ya kila uwanja atakaopita: FILAMU YA PICHA, USIFUNGUE. Likifika, liweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na siku ya kupakia litoe mapema, liache saa kadhaa lipate joto la chumba ndipo ufungue. Pwani, filamu ya baridi ikikutana na hewa ile hutoa jasho papo hapo.