Upasuaji wa retina: kwa nini nilikaa Mbagala wiki tatu

Mimi ni fundi mwashi wa Mbeya, miaka 52, miwani ya namba kubwa toka sekondari. Mwaka jana jicho la kulia lilianza kupiga vimulimuli gizani, vikafuata vidoa kama masizi, na siku ya tatu kivuli kikaingia upande wa pua. Kliniki ya kwanza wakanipa matone na tarehe ya baada ya wiki mbili. Ningeisubiri hiyo tarehe, jicho lingekwenda.

Dar, daktari wa retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, alipochungulia alisema umebanduka ila katikati bado pameshika, kesho asubuhi naingia. Kisha akaniuliza naishi wapi. Nikadhani anajaza fomu.

Kumbe ndilo swali lenyewe. Kuna kushonea mkanda wa silikoni nje ya jicho, lakini alisema huo huwafaa zaidi vijana. Mimi ningetolewa ute wa ndani kupitia vitundu vitatu, mpasuko wa retina uzungushiwe leza, halafu jicho lijazwe gesi au mafuta ya silikoni yashikilie retina. Gesi huisha yenyewe, ila ukipanda mwinuko inatanuka na presha ya jicho inaweza kukupofusha. Mbeya ni kama mita 1,700. Ndege marufuku, na basi la kwenda nyumbani vilevile. Mafuta yangeniruhusu kuondoka, lakini ni lazima urudi kupasuliwa tena yatolewe.

Nikachagua gesi ya muda mfupi, nikahamia kwa dada Mbagala, hapohapo Dar.

Upasuaji wenyewe ulikuwa kwa ganzi, kama saa moja na nusu, sikusikia maumivu ya kusimulia. Kazi ilikuwa kulala: kwanza kifudifudi, kisha ubavu wa kushoto usiku na mchana, katika joto lile! Wageni walizungumza na kisogo changu. Mkononi nilifungwa utepe wa kuonya wasinipe gesi ya usingizi.

Kuona kulirudi kwa kushuka. Juu kweupe, chini kiza cha gesi, katikati mstari unaocheza kama pimamaji langu. Kila asubuhi nikaupima. Ukabaki mpira mdogo mweusi, siku ya 17 haupo.

Nampa daktari nyota tano, maelezo ya gharama nayapa nyota mbili: bima ililipa upasuaji, lakini wiki tatu bila kazi hakuna aliyenitajia. Sasa mtoto wa jicho ameanza jicho lilelile, jambo nililoonywa mapema. Jicho la kushoto limepigwa leza sehemu moja ya retina iliyokonda.