Chrome, Tupe Swichi Moja Tu! Viendelezi Vinavyojisasisha Bila Hodi

Hodi hodi watazamaji, karibuni tena. Hapa Nairobi stima bado ipo, kwa hiyo tufanye haraka kabla haijatutoroka. Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari. Kama umeongeza cha kuzuia matangazo au cha kuhifadhi nywila, unacho. Leo ugomvi wangu ni mmoja: sasisho linaingia bila hodi, linahamisha vitufe, linakufungulia kurasa za "tazama mapya", na wewe hujaulizwa.

Angalieni skrini. Chrome hii. Naandika chrome://extensions, naingia kwenye maelezo ya kiendelezi kimoja. Tutafute pamoja swichi ya kuzima masasisho. Ruhusa za tovuti, ipo. Kutumika kwenye dirisha fiche, ipo. Nashuka, nashuka... kukiondoa kabisa, ipo. Swichi ya masasisho? Hamna! Chrome inachungulia kwenye duka lake la viendelezi kila baada ya saa tano hivi. Ikikuta toleo jipya inalishusha, halafu inalisimika kiendelezi kikiwa kimetulia au ukifungua kivinjari upya. Utaulizwa tu pale sasisho linapotaka ruhusa mpya nzito, na hapo Chrome inakizima kiendelezi mpaka ukubali. Ndiyo maana unaweza kuamka tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, ukakuta kiendelezi cha nywila kimelala. Hakijaharibika, kinangoja ukubali. Soma kinachoomba kwanza.

Sasa Firefox. Naandika about:addons, nabonyeza jina la kiendelezi, nashuka. Mmeona? Masasisho ya kiotomatiki, vidoti vitatu: chaguo-msingi, washa, zima. Naweka zima. Imeisha! Hata sijamaliza sentensi. Na kama toleo jipya limeshaharibu mambo, nenda ukurasa wa kiendelezi kwenye duka la Mozilla, fungua orodha ya matoleo yote, simika la zamani, halafu uzime masasisho papo hapo. Ukisahau hilo la mwisho, Firefox hukagua kila saa 24, kesho utarudi palepale.

Najua mtaniuliza kuhusu Edge, Brave na Opera. Hao wote wamejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Msihangaike kuitafuta swichi huko.

Kwa wale hamhami Chrome, kuna njia ya mkato ya kukigandisha kiendelezi kwenye toleo moja, lakini ina miiba. Ifanyeni wakati toleo mnalolipenda bado lipo. Kwanza toa mipangilio yako kutoka kwenye kiendelezi (export) uihifadhi kwenye faili, maana ukikiondoa data yake inafutika. Washa hali ya msanidi programu, kona ya juu kulia, utaona kitambulisho cha herufi 32 chini ya jina. Fungua chrome://version, usome mstari wa Profile Path, uifuate njia hiyo mpaka folda ya Extensions. Ndani kuna folda yenye zile herufi 32, na ndani yake folda yenye namba ya toleo. Nakili hiyo ya namba, uibandike kwenye Documents. Kisha ondoa kiendelezi cha dukani, bonyeza Load unpacked, chagua nakala yako.

Itakataa. Tazama, ujumbe mwekundu huu, unalalamikia folda ya _metadata. Majina yanayoanza na mstari wa chini Chrome imejiwekea yenyewe. Futa hiyo folda kwenye nakala. Bado kidogo: fungua manifest.json kwa Notepad, futa mstari wa update_url ili kisijue pa kuulizia sasisho. Kama ulikuwa mstari wa mwisho, ondoa pia koma ya mstari wa juu yake, la sivyo faili lote linakataliwa. Koma moja! Pakia tena, kimekubali. Hali ya msanidi iache imewashwa.

Na kwa nini masasisho yamezidi siku hizi? Manifest V3, yaani kanuni mpya za Google za kuunda viendelezi. Chrome ilianza kuvizima viendelezi vya V2, kanuni za zamani, mwaka 2024, na uBlock Origin ya kawaida, kile kizuia-matangazo, ikaangukia hapo. Ile iliweza kushusha orodha zake za vichujio bila kugusa kiendelezi. uBlock Origin Lite, toleo lake la V3, orodha zimefungashwa ndani, kwa hiyo orodha ikibadilika, kiendelezi kizima kinatolewa upya. Kwa hiyo, mh, hapo msanidi namsamehe. Lawama ni ya aliyepanga kanuni.

Tena nikifikiria vizuri, msizime kila kitu. Vya nywila viacheni vijisasishe, kasoro ya usalama haingoji. Vya kupiga picha za skrini, kubadilisha rangi, kupanga vichupo, hivyo gandisheni. Ila sasisho nalo ni mlango: The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza vichupo, iliuzwa 2020, mmiliki mpya akaingiza mambo yake, Google ikaiondoa Februari 2021. Cyberhaven nao, kampuni ya usalama wa data, Desemba 2024, mfanyakazi wao alinaswa kwa barua pepe ya ulaghai, toleo bovu la kiendelezi chao likasambazwa wakati wa Krismasi. Waliolipata hawakubonyeza chochote.

Wanaolia bando: hapana, vingi ni MB chache tu. Kinachoumia ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, hasa laptopu za mtumba za barabara ya Luthuli hapa Nairobi zenye GB 4. Bonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome, uone kila kiendelezi kinakula kiasi gani.

Video ijayo ni Firefox ya simu, maana kwenye Android inakubali viendelezi na Chrome ya simu bado. Andikeni hapo chini ni kiendelezi gani mnataka nikigandishe, na mtaje namba ya toleo, siyo jina peke yake.