Safari ya kuvua papa Fernandina Beach, Florida: nilivyoiona

Kama unaishi Marekani au unapanga kutembea Florida na umeyaona matangazo ya safari za kuvua papa, haya ndiyo tuliyoyakuta sisi Fernandina Beach, kwenye kisiwa cha Amelia, kaskazini kabisa mwa jimbo hilo. Usimpime nahodha kwa ukubwa wa papa aliowaweka kwenye picha zake. Mpime kwa namna anavyomtendea papa akishafika ubavuni mwa boti. Huyo wetu nampa nyota zote tano, na sababu kubwa ni hiyo.

Bei kwanza, maana ndiyo inayoulizwa. Unakodi boti nzima, si kiti. Sisi tulilipa dola 550 kwa nusu siku, yaani saa nne, na juu yake bakshishi, ambayo huku kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 20. Boti nyingi za aina hii haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 6, kwa hiyo mkijikusanya familia mbili ndogo gharama inapungua sana. Leseni ya uvuvi msihangaike nayo, ya nahodha inawatosha wote mliomo botini. Kuvua papa kutoka ufukweni ni habari nyingine: tangu Julai 2019 Florida inataka mtu apitie kozi ya mtandaoni na kupata kibali maalumu kila mwaka, ingawa hakilipiwi.

Kabla ya kulipa nilipiga simu kwa manahodha kadhaa. Mmoja, simtaji, picha zake zilijaa watu waliomkalia papa mgongoni pale sitahani, wengine wamempanua kinywa ili meno yaonekane. Nilipomuuliza kama papa wale walirudi majini wazima, akanijibu kwamba nikitaka picha ya namna ile atanihakikishia naipata. Nikaachana naye. Papa hana mbavu za kuyalinda matumbo yake. Akiwa majini, maji ndiyo yanayombeba. Ukimtoa, uzito wake mwenyewe unamkandamiza kwa ndani. Tena aina nyingi za pwani hii hupumua kwa kuogelea, maji yapite kwenye matamvua, kwa hiyo kila dakika anayolala sitahani hana pumzi.

Huyu tuliyemchagua nilimuuliza anatumia ndoana gani, akanieleza bila kuchoka: ndoana ya duara, isiyopindishwa upande, wala si ya chuma kisichoshika kutu. Ndivyo sheria ya Florida inavyotaka kwa anayevua papa kwa chambo cha samaki. Ndoana ya duara hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, na ikibaki mwilini mwa samaki italiwa na kutu. Akaongeza kwamba mkasi wa kukatia waya huwa kiunoni mwake muda wote. Nikalipa.

Tuliondoka alfajiri. Majira ya joto Florida mchana hugeuka ghafla, mawingu yanapanda, radi zinapiga, na boti iko wazi haina pa kujificha. Nahodha alisema mapema kwamba akisikia ngurumo tunarudi, na saa ambazo hazijatumika ataturudishia fedha zake. Kama nahodha wako halitamki hilo mwenyewe, mwulize.

Kazi ya kwanza ilikuwa chambo. Alizima injini karibu na ufuko, akatazama maji yanayochemka kwa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, akarusha kimia. Shemeji yangu, ambaye amekulia Pangani, alisimama akamwangalia anavyokishika kwa meno na kukifungua hewani, akasema, "Huyu angeletwa kwetu asingelala njaa." Kimia kilipanda kimejaa. Hii nayo ni alama ya nahodha anayejali, kwa sababu chambo kibichi cha asubuhi hiyohiyo na kile cha kwenye barafu ya dukani havilingani hata kidogo.

Tulitia nanga kwenye ukingo wa mlango wa mto St. Marys, upande wa Florida, ngome ya Fort Clinch ikionekana nyuma yetu na ng'ambo ya pili ni kisiwa cha Cumberland, ambacho ni jimbo la Georgia. Maji yalikuwa yanaanza kupwa. Nahodha alitaka saa hiyo hasa, kwa sababu maji yakitoka huchukua harufu na samaki wadogo kutoka vinamasi vya ndani, na papa hukaa mlangoni wakipokea. Alifunga nyuma ya boti mfuko wa samaki waliosagwa, mafuta yakaanza kutandaza utepe mwembamba juu ya maji. Mishipi minne: miwili chini kabisa na chubwi nzito, miwili juu ikining'inia kwenye maputo. Kabla ya ndoana kuna kipande cha waya, maana ngozi ya papa peke yake inatosha kuukata mshipi wa nailoni.

Halafu tukangoja. Jiandaeni kwa hilo, hasa mkiwa na watoto. Inaweza kupita saa nzima hakuna kinachogusa, jua linachoma, boti inayumba palepale ilipofungwa, na kichefuchefu huanza katika utulivu huo kuliko mkiwa mbioni. Dada yangu alikuwa ametupikia chai ya tangawizi nzito kwenye chupa, na ndiyo iliyotuokoa. Meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kujisikia vibaya.

Puto moja likazama, rili ikalia. Mpwa wangu wa miaka 12 aliikamata fimbo akataka kuikwanyua juu kama tunavyofanya na mshipi wa mkono, nahodha akamzuia: usivute, zungusha taratibu, ndoana itajikaza yenyewe. Ikajikaza. Papa alikimbia, akaruka nje ya maji akijizungusha, akaanguka kwa kishindo, akaruka tena. Mtoto alifungiwa mkanda wa kiunoni wa kuegemeza fimbo, shemeji akamshika mabega kwa nyuma, na hakukubali kupokelewa.

Papa alipofika ubavuni hakutolewa majini. Nahodha aliinama, akamshika mkia kwa mkono mmoja, akatuita tuchungulie. Ncha za mapezi zilikuwa nyeusi, lakini alitaka tuangalie pezi dogo la chini, karibu na mkia: lilikuwa jeupe tupu. Papa wa aina ya blacktip, licha ya jina lake la ncha nyeusi, pezi lile kwa kawaida huwa jeupe. Likiwa na ncha nyeusi, huyo ni spinner, ambaye naye huruka vilevile. Jambo hili lina uzito, kwani blacktip hana kipimo cha chini cha urefu kwenye maji ya Florida, spinner lazima afike inchi 54, yaani sentimita 137, kutoka pua hadi panapogawanyika mkia. Ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo. Akaisukuma kwa koleo refu, ikatoka, akamwelekeza papa kichwa kwenye mkondo, akamwachia aliposikia mkia umeanza kupiga.

Wa mwisho kati ya wakubwa alichukua chambo cha chini na hakuruka kabisa. Alikwenda tu. Shemeji alipigana naye mpaka mikono ikatetemeka, na pezi la mgongo lilipotokeza, refu, limesimama wima, nahodha alijua kabla ya sisi kukiona kichwa. Papa nyundo mkubwa. Florida hairuhusu kumchukua tangu 2012, wala kumtoa majini tangu 2019, lakini nahodha hakuishia kwenye sheria. Alisema papa nyundo hupigana hadi kujimaliza, na wengine hufa baadaye hata wakiachiwa wakiwa wanaogelea. Shemeji aliomba dakika moja ya picha. Nahodha akasema hapana, akaushika waya, akaukata karibu na mdomo kadiri alivyoweza. Shemeji alinuna kidogo. Mimi hapo ndipo nilipoamua kuandika haya.

Msidhani kila papa lazima aachiwe. Sheria ya jimbo inaruhusu papa mmoja kwa mtu kwa siku, na wasizidi wawili kwa boti nzima. Sisi watu wa Tanga papa kwetu ni kitoweo. Nimekua na ng'onda wa papa jikoni, na mafuta ya ini lake, sifa, yalikuwa yakipakwa mbao za majahazi. Tulichukua mmoja tu, sharpnose mdogo ambaye hata akikomaa hazidi sana mita moja. Nahodha alimtoa damu na matumbo palepale akamzika kwenye barafu, kichwa, mapezi na mkia vikiwa bado vimeshikana na mwili, kwani ndivyo anavyotakiwa kufika nchi kavu. Haraka ile ina maana yake. Damu na nyama ya papa zina urea, na akicheleweshwa inageuka amonia, harufu ambayo ndimu haiwezi kuiondoa. Huyu wetu hakunuka hata kidogo. Tulimchemsha kwa chumvi na ndimu, tukamchambua, tukamuunga kwa tui zito. Angalizo moja: papa yumo kwenye orodha ya samaki ambao mamlaka za Marekani zinawashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile, kwa sababu ya zebaki. Mpwa wangu, kwa umri wake, tulimpikia kamba, na Fernandina kamba ndio wenyewe.

Kwa wanaotaka kupanga: huku kaskazini papa ni wengi kuanzia Mei hadi Septemba. Maji yakipoa blacktip huhamia kusini, na kati ya Januari na Machi hujazana karibu kabisa na ufuko wa Palm Beach, ambako watafiti wa Florida Atlantic University wakihesabu kutoka kwenye ndege wamewahi kuona zaidi ya 12,000 kwa siku moja. Ukija majira hayo, tafuta nahodha wa huko, na swali la kwanza kwenye simu liwe la ndoana.