Mpira wa Chini ya Mlango Baada ya Masika Mawili: Tathmini ya Mnunuzi

Mlango wa mbele wa nyumba yetu hapa Tanga unaelekea kusini-mashariki, na aliyekaa pwani anaelewa maana yake. Kusi inapoanza kuvuma sawasawa, kuanzia Aprili hivi, mvua ya masika huja kwa ubavu na kuupiga mlango huo moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukikunja zulia kila wingu lilipotanda, tukibana matambara chini ya mlango, na asubuhi tukiyakamua kwenye ndoo. Mwaka juzi niliona yatosha, nikaingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi kutafuta kitu cha kuziba mwanya ule wa sentimita moja na nusu. Nilichonunua kimekwisha pita katika misimu miwili ya masika, kwa hiyo naweza kukizungumzia kwa yakini.

Nilianza na kile cha bei rahisi, chenye sponji mbili ndefu zilizovikwa kitambaa cha nailoni, ambacho hupenyezwa chini ya mlango ili sponji moja ikae ndani na nyingine nje. Kililipiwa shilingi 5,000. Kwa vumbi na mende ni kizuri, na chumbani nimekiacha hadi leo, lakini kwa mlango wa nje sikipendekezi kabisa. Sponji ya nje ilinyonya maji ikawa chepechepe, ikashinda imeugusa ubao mchana na usiku, na baada ya majuma mawili rangi ya sehemu ya chini ya mlango ilikuwa imechubuka na mbao zimeanza kuvimba. Kitu kinachoshikilia maji dhidi ya mbao kinaudhuru mlango kuliko mvua yenyewe.

Baada ya hapo nilinunua kipande cha alumini chenye urefu wa sentimita 90, kilichochomekwa ulimi wa mpira mweusi upande wa chini, kwa shilingi 18,000. Hiki ndicho ninachokitathmini hasa. Kimetengenezwa kwa uangalifu: matundu ya skrubu si ya duara bali ni marefu kidogo, hivyo ukilegeza skrubu unaweza kukishusha kipande milimita chache kadiri mpira unavyolika. Kwa kuwa mlango wetu unafunguka kwa ndani, kinafungwa upande wa ndani. Nilikikata kwa msumeno wa chuma kifuate upana wa mlango, baada ya kuuchomoa mpira kwanza, kisha nikaukata mpira ukiwa mrefu zaidi ya alumini kwa milimita 3 kila upande, ili ncha zake zibonyee kwenye miimo ya fremu. Anayekata vyote viwili kwa pamoja hupata tundu katika kila pembe, na maji huzipenda sana pembe.

Kujua kama mpira unagusa sakafu si lazima kusubiri mvua. Chukua karatasi, iweke chini ya mpira, funga mlango, kisha uivute. Ikikaza kidogo mkononi, mpira umekaa sawa. Ikitoka bila upinzani, hapo ndipo maji yatakapopita. Kwangu karatasi ilikaza kotekote isipokuwa mahali pawili, nami nilipoinama na tochi niliona sababu: sakafu ni ya marumaru, na mistari ya saruji nyeupe iliyo kati ya marumaru imeshuka chini kuliko marumaru zenyewe. Ulimi wa mpira ulipita juu ya mistari hiyo kama daraja, na chini ya kila daraja kulikuwa na mfereji mwembamba kama unyasi. Niliijaza kwa silikoni, nikaisawazisha kwa kidole kilicholowekwa maji ya sabuni, na ubaya huo ukakoma.

Hata hivyo, mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yaliingia tena, machache kuliko zamani lakini ya kutosha kulowesha ukingo wa zulia. Nilikuwa tayari kukirudisha kifaa dukani. Mzee mmoja seremala wa Ngamiani, ambaye ndiye aliyeuchonga mlango huu miaka mingi iliyopita, alinizuia. Aliniambia, “Mwanangu, kabla hujaulaumu mpira, mwaga maji hapa juu uyatazame yanapita wapi.” Tulimwaga jagi moja taratibu kwenye uso wa nje wa mlango. Maji yalitelemka hadi chini kabisa, lakini hayakudondoka. Yaliuzunguka ukingo, yakatambaa kwenye upande wa chini wa ubao kuelekea ndani, na kudondoka nyuma, palepale mpira ulipo. Maji hung'ang'ania uso yanaoutambaa, mtu asipoukata uso huo, na upepo ukisukuma kutoka nje yanapata nguvu zaidi. Mpira wangu ulikuwa ukipokea mvua ya mlango mzima.

Dawa yake ilikuwa ubao wa mninga uliopigiliwa kwa skrubu upande wa nje, sentimita mbili juu ya sakafu. Umejitokeza mbele kiasi cha sentimita 5, mgongo wake una mteremko, na chini yake, karibu na ukingo wa mbele, mzee alichimba mfuo mwembamba kutoka ncha hadi ncha. Mfuo huo mdogo ndio unaofanya kazi kubwa: maji yanayotambaa chini ya ubao yakiufikia hushindwa kuuvuka, hivyo hudondoka barazani. Urefu wa ubao ulipunguzwa kidogo upite kati ya miimo bila kukwaruza. Ubao na ufundi viligharimu shilingi 25,000, na mgongoni, panapokutana na mlango, tulipaka silikoni maji yasipenye nyuma yake. Tulirudia jagi letu, na safari hii sakafu chini ya mpira ilibaki kavu.

Ningependa wauzaji wa vipande hivi wawaeleze wateja jambo hilo, maana pakiti ina picha ya mlango unaopigwa mvua na haisemi chochote kuhusu ubao wa nje. Mpira peke yake unatosha pale ambapo kuna baraza lenye paa refu. Kwenye mlango ulio wazi mbele ya kusi hautoshi, na mteja atadhani ameuziwa kitu kibovu.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu skrubu zilizomo ndani ya pakiti. Ni za chuma cha kawaida, na kwa hewa yetu ya chumvi zilishika kutu kabla ya mwezi wa Agosti. Alumini iliyozizunguka ikaanza kutoa unga mweupe, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja yao huliwa. Nilizing'oa zote saba na kuweka za chuma kisichoshika kutu. Anayenunua afanye hivyo siku ya kwanza, kwani gharama yake ni ndogo sana. Vilevile, kabla ya kufunga chochote, uondoe mlango kwenye bawaba na uupake rangi ya mafuta upande wa chini, mikono miwili. Mafundi wengi huuacha upande huo mtupu kwa kuwa hauonekani, ilhali ndiko mbao zinakonyonya maji.

Wakati wa kazi hii nilikumbuka milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo lazima uinue mguu uruke kizingiti cha mbao ndipo uingie. Nyumba zetu za sasa zimelaza sakafu sawasawa toka barazani hadi sebuleni, zikaonekana nadhifu, lakini kile kizingiti kilikuwa na faida yake, na anayejenga leo angekiweka hata cha sentimita mbili mpira ungepata mahali pa kuegemea.

Mpira wenyewe, baada ya masika mawili, bado ni laini na haujapasuka, ingawa umeacha alama nyeusi ya upinde kwenye marumaru mahali mlango unapozungukia; alama hiyo hufutika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kilichobaki kunisumbua hakihusu kifaa. Niliweka gololi ya mwanangu barazani, nayo ikabiringika yenyewe hadi ikagonga mlango, na pimamaji ikathibitisha kwamba baraza letu limeinamia ndani. Fundi mwashi ameahidi kulimwaga upya kabla ya vuli, likiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea uani. Mlango wa jikoni nao nimekwisha ununulia kipande cha alumini kama hiki, na safari hii nimeanza na ubao wa mninga.