Gitaa la saipresi na siala kutoka Kisumu: jepesi na lina sauti, ila uliza liligundishwa lini

Gitaa la kiwandani lenye umbo kubwa huwa na uzito wa kilo mbili hivi. Hili, linalotengenezwa kwa mkono katika karakana moja mjini Kisumu, lina kilo 1.5 nyuzi zikiwemo, na si kwamba ni la mtoto: upana wake chini ya kiuno ni sentimita 38, na nyuzi zina urefu wa milimita 645 kutoka kichwani hadi darajani, yaani kibao cha usoni kinachoshika nyuzi. Wepesi umetokana na mbao zenyewe na jinsi zilivyopigwa randa.

Uso ni wa saipresi. Wahispania wametumia saipresi miaka mingi kwa mgongo na mbavu za magitaa ya flamenko, lakini kuiweka usoni ni kazi nyingine. Saipresi yetu ya kupandwa, ya huko Timboroa na Molo, hukua haraka, hivyo pete zake ni pana na mafundo hayakosi. Uso wa sprusi nzuri, mbao iliyozoeleka kwa nyuso za magitaa, ungeweza kushushwa hadi milimita 2.5. Huu umeachwa 2.9 katikati na 2.4 kingoni, na hapo fundi amepiga hesabu vizuri. Angeuchonga zaidi, mvuto wa nyuzi ungeuvimbisha nyuma ya daraja na kuuzamisha mbele yake. Ukipitisha kioo kidogo kwenye tundu la sauti utaona mihimili miwili iliyopishana, vijiti vinavyoutegemeza uso kwa ndani, nayo imepasuliwa kwa shoka badala ya msumeno. Mbao iliyopasuliwa hufuata nyuzinyuzi zake mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mhimili wa kimo cha milimita 13 unabeba mzigo ambao wa msumeno ungehitaji 15 kuubeba. Gramu chache hapa, gramu chache pale.

Mgongo na mbavu ni siala, mti unaoitwa hivyo kwa Kijaluo, au lusiola kwa Kiluhya ukishavuka Maseno. Wengi wanaijua kwa nguzo za nyumba na viti, si kwa muziki. Tatizo lake ni upana. Mti wa shambani mara nyingi ni mwembamba na umepinda, na ukitaka mbao ambayo pete zimesimama wima hupati kipande cha sentimita 19 kwa urahisi. Ndiyo maana mgongo huu una vipande vinne badala ya viwili. Si kasoro ya sauti, lakini ni maungio matatu ya kuchunga badala ya moja. Mbavu zina milimita 2 na zimekunjwa kwenye bomba la moto. Angalia kiunoni: gitaa tulilopima lina alama ya kuungua upande wa nyuzi nene, imefichwa kwa vanishi. Haidhuru chochote, ila kwa bei hii ingepigwa msasa.

Shingo ni ya mti wa mukumari. Mvule ungependeza zaidi macho, lakini ni mzito, na mara nyingi huwa na vijiwe vya chokaa ndani vinavyomaliza makali ya randa. Chini ya ubao wa vidole kumezikwa bomba la chuma la mraba lisilorekebishika. Maana yake, shingo ikijipinda huna skrubu ya kukaza. Utalazimika kung'oa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao, na kusawazisha ubao upya. Ubao huo na daraja ni mpingo, mbao yenye mafuta inayokataa gundi. Isipofutwa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundishwa, daraja litaanza kunyanyuka upande wa nyuma. Jaribu kuchomeka karatasi nyembamba hapo: ikiingia, usilipe.

Nyuzi zilikuwa juu mno, milimita 3.2 kwenye freti ya 12 upande wa nyuzi nene. Ukitaka 2.4, toa 1.6 kwenye kipande cha mfupa kilicho darajani, yaani mara mbili ya unachotaka kushusha. Kata kwa chini, si kwa juu, na usugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili kikae sawasawa.

Sasa jambo lenyewe la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Hewa ya ziwani ina unyevu, na wakati wa mvua ndefu mbao hunywa maji na kupanuka. Mgongo ukigundishwa Aprili, kisha gitaa likapelekwa Nakuru, hewa kavu ya Januari itausinyaza na utakuta ufa kwenye ungio na ncha za freti zinazokwaruza kiganja. Mihimili ya mgongo inapita kinyume cha pete, haisinyai pamoja na mgongo, kwa hiyo kitu lazima kiachie. Karakana hii inasema huanika mbao kwenye sanduku lenye balbu. Vizuri, lakini waombe wakuonyeshe kipima unyevu kikisoma asilimia 8 hadi 10 kwenye mbao yenyewe. Gitaa la Februari ni salama kuliko la Mei.

Sauti? Inatoka upesi na kufifia upesi, nyuzi nyembamba zikisikika wazi hata ukipiga polepole. Kwa omutibo, ule mtindo wa kidole gumba na cha shahada uliompa mpiga gitaa George Mukabi jina, sijui kama kuna gitaa la dukani la kulishinda. Kwa anayecharaza kwa nguvu akiongoza kwaya isiyo na kipaza sauti, halifai. Uso hulemewa na sauti hujibana. Weka seti ya nyuzi za 0.010 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi), zinazovuta kama kilo 60 kwa jumla. Seti ya 0.012 huvuta zaidi ya kilo 70, na karakana yenyewe inakataa dhamana ukiziweka.

Bei ni shilingi 38,000, nusu ikilipwa mwanzo. Mfuko ni wa kitambaa tu, kwa hiyo ukisafiri na matatu nunua sanduku gumu kwingine.