Uzoefu wangu na seti ya vitabu saba vya Narnia: usifuate namba za mgongoni

Nianze na jambo ambalo mnunuzi wa seti hii anapaswa kulijua kabla hajafungua ukurasa wowote. Namba zilizochapwa kwenye migongo ya vitabu hazifuati mpangilio ambao C. S. Lewis alivitoa. Ukizifuata utaanza na The Magician's Nephew, kitabu kilichotoka cha sita, mwaka 1955. Kilichotangulia ni The Lion, the Witch and the Wardrobe (hapa nakiita kitabu cha simba), Oktoba 1950, na hicho ndicho mlango wa kuingilia. Kwa seti yenye namba, soma hivi: 2, 4, 5, 6, 3, 1, 7. Ziandike kwa penseli ndani ya jalada, hasa kama vitabu vitapita mikononi mwa watoto.

Namba hizo zina asili yake. Mwaka 1957 mvulana mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis kwamba vitabu visomwe kwa kufuata miaka ya Narnia yenyewe, nchi ya kubuni ya hadithi hizi. Mama yake aliona bora vifuate vilivyotoka. Lewis alimwunga mkono mtoto, ila katika barua hiyohiyo akasema pengine mpangilio hauna uzito sana. Kufikia 1994 mpangilio wa mvulana ulikuwa umeenea pande zote mbili za Atlantiki, na ndio utakaoukuta kwenye karibu kila seti mpya.

Barua naiheshimu, lakini kurasa zinasema vingine. Katika sura ya 7 ya kitabu cha simba, Bwana Beaver analitaja jina la Aslan, simba wa hadithi hizi, kwa mara ya kwanza, na msimulizi anamgeukia msomaji: watoto wale hawakumjua Aslan ni nani, kama wewe usivyomjua. Sentensi hiyo inamhusu msomaji ambaye bado hajakutana naye. Aliyeanza na namba 1 ameshamwona Aslan akiiimba nchi nzima mpaka ikawapo, kwa hiyo sentensi inampita tu. Hali ni ileile kwa taa ya barabarani inayowaka peke yake katikati ya msitu wenye theluji, na kwa kabati la nguo lenyewe. Vyote ni vitendawili, na namba 1 inatoa majibu kabla hakujategwa kitu.

Kikisomwa cha sita, kitabu hichohicho kinakuwa na nguvu nyingine kabisa. Mvulana wa kitabu hicho, Digory, ana mama mgonjwa mahututi. Anamwomba Aslan dawa, kisha anainua macho na kuona machozi ya simba ni makubwa kuliko yake. Msomaji aliyepitia vitabu vitano na simba huyu, akamwona akinyolewa manyoya na kufungwa kamba juu ya Meza ya Mawe, anaelewa machozi yale yanatoka wapi. Na anayejua maisha ya mwandishi anaona zaidi: Lewis alizaliwa Belfast tarehe 29 Novemba 1898, na mama yake, Flora, alikufa kwa saratani mwaka 1908, mtoto akiwa na miaka tisa. Alikaa na jambo hilo karibu nusu karne kabla ya kuliandika.

Sasa nakala yenyewe. Wanunuzi wengi wa kwetu hupata vitabu hivi vya mtumba, na hapo kuna maandishi ya aina mbili. Fungua sura ya 6 ya kitabu cha simba, utafute tangazo lililopigiliwa kwenye sakafu ya pango la Tumnus, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Likiwa limesainiwa na Maugrim, mkuu wa polisi wa siri, una maandishi ya Uingereza, ambayo ndiyo ya seti zote za sasa. Likisainiwa Fenris Ulf, umepata toleo la zamani la Marekani, ambalo Lewis alilifanyia marekebisho machache. Usilitupe. Nenda sura ya 12 ya The Voyage of the Dawn Treader, merikebu inapotoka kwenye giza la kisiwa ambako ndoto mbaya hutimia. Maandishi ya Uingereza yanasema mabaharia waligundua hakukuwa na la kuogopa wala halijawahi kuwapo. Katika toleo la Marekani Lewis aliiondoa kauli hiyo, akaweka mfano wa mtu anayezinduka kitandani, anaona mwanga dirishani, anasikia sauti ya mchuuzi wa maziwa huko chini, na kufurahi kwamba ilikuwa ndoto tu. Kwa maoni yangu huo ni uandishi bora zaidi, na ni wa haki kwa mtoto anayeogopa giza. Inasikitisha kwamba seti mpya hazina kipande hicho.

Kuhusu umbo: kuna kitabu kimoja kikubwa chenye hadithi zote saba, kurasa zaidi ya 700, na kuna seti ya vitabu vidogo saba. Kikubwa huonekana nafuu dukani, lakini si cha kusomea mtoto. Ni kizito, maandishi yamebanwa, na gundi ya mgongo huanza kuachia katikati, pale kitabu kinapolazimishwa kulala wazi. Vidogo vinastahimili zaidi. Kabla ya kulipa hakikisha vina michoro ya Pauline Baynes, iliyokuwamo tangu matoleo ya kwanza, na ramani zake. Pasipo ramani, kumfuata Shasta, mvulana wa namba 3, jangwani ni kazi ya kubahatisha.

Vitabu vyote saba vina sura 110. Sura moja kila usiku ni miezi mitatu na nusu na ushee. Sura za kitabu cha simba ni fupi na zinasomeka kwa sauti kwa takriban dakika 20. Za safari ya merikebu ni ndefu zaidi, na Kiingereza chake kimejaa msamiati wa chomboni. Msomaji wa pwani ana bahati hapo, maana omo, tezi, mlingoti na usukani anavijua kwa lugha yake, hivyo kumfafanulia mtoto ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kuna mahali wasomaji wengi hukwama: Edmund, mmoja wa watoto wa kitabu cha simba, anawezaje kuwauza ndugu zake kwa kisanduku cha peremende za Kituruki? Peremende ile hutengenezwa kwa wanga na sukari, mara nyingi na marashi ya waridi, kwa hiyo ukitaka kuipata ulimini fikiria halua. Halafu kumbuka mwaka. Kitabu kilipotoka, peremende Uingereza zilikuwa bado za mgao, na mgao huo ulidumu hadi Februari 1953. Mtoto aliyekisoma mara ya kwanza alikuwa amezoea kugawiwa vitamu kwa vipimo, na hapa Mchawi anamwaga sanduku zima. Mweleze mtoto wako hivyo, na Edmund ataacha kuonekana mjinga.

Kuhusu kudumu kwa vitabu hivi, hesabu inayotajwa ni zaidi ya nakala milioni 100, katika lugha zaidi ya 40. Wengi hudhani Lewis alikaa chini akachagua mafundisho ya Kikristo, kisha akayavika hadithi. Yeye mwenyewe alikanusha. Alisema yote yalianza na picha: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, ana mwavuli na vifurushi, anatembea kwenye theluji. Picha hiyo alikuwa nayo tangu ana miaka 16. Simba alikuja baadaye, wakati Lewis alipokuwa akiota ndoto nyingi za simba, akaivuta hadithi yote nyuma yake. Jina Aslan ni neno la Kituruki, na maana yake ni simba basi. Hii ndiyo sababu msomaji asiye Mkristo huingia bila kujihisi anahubiriwa, na Mkristo akirudia kusoma hukuta kila kitu kiko pale. Rafiki yake Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ambaye mazungumzo yake usiku wa Septemba 1931 yalimsaidia Lewis kuifikia imani, hakuvipenda vitabu hivi. Aliona vimechanganya mno, na kweli, Father Christmas anatokea katika nchi moja na viumbe wa ngano za Kigiriki. Katika hilo nasimama na Lewis, kwa sababu mtoto hachagui ngano zake kwa asili.

Lakini kuna jambo ambalo lazima nilitaje. Watu wa Calormen, nchi iliyo kusini mwa Narnia, katika namba 3 na namba 7, wana ngozi nyeusi, vilemba na panga zilizopinda, na kwa sehemu kubwa ni wakatili. Msomaji wa Lamu, Unguja au Muscat atawatambua mavazi kabla hajafika nusu ya sura. Linauma, na halifai kurukwa unapomsomea mtoto. Someni pamoja, msimame pale, mlizungumze. Na msiache namba 7 kabla ya kumfikia Emeth, askari wa Calormen aliyemtumikia mungu wake kwa moyo safi, na Aslan akampokea. Jina lake kwa Kiebrania ni ukweli. Wakristo wanabishana juu ya ukurasa huo mpaka leo, nami naona ni kati ya kurasa za kijasiri zaidi alizoandika.

Filamu zipo tatu, za 2005, 2008 na 2010. Ya kwanza inafuata kitabu vizuri. Ya tatu imeongeza ukungu wa kijani usiokuwamo kabisa kwenye kitabu, basi isiwe mbadala wa kusoma.

Ukimaliza seti, usirukie Mere Christianity, kitabu cha Lewis cha kueleza imani ya Kikristo, moja kwa moja. Chukua The Screwtape Letters, cha 1942: barua 31 za shetani mkubwa akimfundisha mpwa wake namna ya kumpotosha mtu mmoja. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba kila kitu kimegeuzwa. Humo “Adui” ni Mungu. Barua moja kwa siku inatosha, maana zikisomwa kumi kwa mkupuo zinachosha roho. Mere Christianity kifuate hapo, na kisomwe kwa sauti, kwa kuwa kilitokana na hotuba za redio ya BBC za miaka ya vita, na sentensi zake bado ni za kusemwa.

A Grief Observed kinahitaji uangalifu kuliko vyote. Lewis alikiandika baada ya mkewe, Joy Davidman, kufa Julai 1960, na akakitoa mwaka uliofuata kwa jina la kubuni, N. W. Clerk. Ni kijitabu cha jioni mbili, chenye sehemu nne. Katika ya kwanza anamwendea Mungu na kukuta mlango umefungwa, komeo likisikika kwa ndani. Hasira hiyo haipoi hadi sehemu za mwisho, na wafiwa wengi hukiweka chini kabla ya hapo. Ukimpelekea mtu aliyefiwa, mwambie asome zote nne, na kama unaweza, kaa naye azisome.