Uzoefu wangu: maduka mawili ya pikipiki na injini iliyokuwa bado ya moto

Nilinunua pikipiki mpya kwa wakala rasmi. Siku hizi, baada ya miaka miwili na kilomita 19,000, naipeleka sevisi kwa wakala mwingine wa chapa ileile. Pikipiki yenyewe sina neno nayo. Ninayoyaeleza hapa ni ya watu walioishika.

Siku ya kununua nilipokewa kama bwana harusi. Sakafu inang'aa, pikipiki zimepangwa mstari mmoja, muuzaji ananiita bosi kila baada ya maneno matatu. Makaratasi yaliisha upesi, nikapewa funguo mbili, kitabu cha mwongozo na helmeti juu yake. Kwa upande wa mauzo siwezi kuwapa chini ya nyota tano, na nisingekuwa mkweli nikisema vingine.

Dosari ya kwanza niliiona njiani kurudi nyumbani. Kioo cha kushoto kilikuwa kinacheza, na usukani ulikaa upande kidogo hata nikienda mbele moja kwa moja. Nikapima upepo wa tairi, nao ulikuwa umepita kiwango kwa mbali. Wengi hatujui kwamba pikipiki mpya kwa kawaida haitoki kiwandani ikiwa tayari kupandwa. Mara nyingi inafika dukani ndani ya kreti, usukani umelazwa, vioo vimefungwa kando, na pengine hata gurudumu la mbele halijawekwa. Anayeimalizia ni fundi wa duka. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza kwangu niliipokea bila kujua, nikiwa bado natabasamu na ufunguo mkononi.

Nilijisemea kioo si kitu. Nikakaza, nikasahau.

Sevisi ya kwanza ilikuwa kwenye kilomita 1,000. Hiyo hairukwi, kwa sababu injini mpya inapozoeana na vyuma vyake hutoa chembe ndogondogo ambazo lazima zitoke na ile oili ya mwanzo. Niliendesha karibu nusu saa kufika, nikaikabidhi saa tatu asubuhi. Kabla ya saa nne nikaitwa kwamba iko tayari. Karatasi ilikuwa na alama za vema kuanzia juu hadi chini: oili, chujio, cheni, breki, na mstari mmoja ulionifanya nisimame pale kaunta nikiusoma mara mbili. Valvu zimepimwa.

Sasa nieleze, maana malalamiko yangu yote yamekaa hapo. Valvu ni milango midogo ya injini, ya kuingizia hewa na mafuta na ya kutolea moshi. Juu ya kila moja huachwa nafasi ndogo sana, sehemu ya milimita. Chuma kikipata moto kinatanuka na nafasi hiyo inabadilika, ndiyo maana hupimwa injini ikiwa baridi. Mwongozo wangu unataka isizidi nyuzi joto 35, na kwa aina hii ya pikipiki unaitaka kazi hiyo tangu sevisi ya kwanza. Injini yangu ilifika pale ikiwa moto kiasi cha kuunguza mkono. Isitoshe, kufikia mfuniko wa valvu kwanza uondoe tangi la mafuta, na boliti za tangi langu bado zilikuwa na tope lilelile la juzi, halijaguswa hata na kitambaa.

Nikauliza. Dada wa kaunta akajibu kwa upole kwamba fundi ameshasaini. Nikaomba nizungumze na fundi. Hapana, mteja haingii karakana, ni masharti ya bima. Hilo nalielewa, mahali penye mafuta na vyuma vizito si pa kupitapita. Ila fundi naye ana miguu, angeweza kutoka nje dakika mbili. Hakutoka. Nilimsikia mtu nyuma ya mlango akiuliza, "Nani, yule wa pikipiki nyeusi?" Ubosi wangu ulikuwa umedumu kilomita 1,000 tu.

Wapo watakaosema valvu zikiwa na shida utasikia kelele. Iliyolegea, ndiyo, hugonga na utaisikia. Iliyobana haisemi kitu. Haifungi sawasawa, inashindwa kupoa, inaungua taratibu huku wewe ukisifu injini yako kwa utulivu.

Nyumbani nikapima cheni. Mwongozo unataka ichezee milimita 30 hadi 40, yangu haikufika hata 10. Cheni iliyobana hivyo, ukipita kwenye shimo na gurudumu la nyuma likapanda, haina pa kwenda, hivyo inavuta sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoishika, na beringi za giaboksi. Nikailegeza mwenyewe kwa robo saa. Kisha nikamwandikia meneja kuhusu valvu. Nilirudishiwa hela ya kazi hiyo bila kuulizwa swali hata moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Sitaki kumtwika fundi mzigo wote. Katika maduka mengi kazi hulipwa kwa saa zilizopangwa kitabuni, si kwa saa alizotumia fundi. Anayeruka mstari mmoja anawahi pikipiki inayofuata, na anayefanya kwa makini anaonekana mzembe. Ukiupanga mshahara hivyo usishangae alama za vema zikiwa nyingi.

Kilichonihamisha kabisa ni betri. Kwenye kilomita 7,000 hivi pikipiki ikaanza kugoma kuwaka asubuhi. Duka lile likanibadilishia betri, tena kwa hela yangu, kwa maelezo kwamba dhamana ya betri ni fupi kuliko ya pikipiki. Wiki tatu baadaye betri mpya nayo ikafa. Nikaambiwa labda naacha taa zikiwaka. Taa za pikipiki hii zinazimika na ufunguo.

Duka la pili halina sura. Mlangoni pikipiki zimebanana, unapita kiupandeupande, na kaunta ya sevisi ni meza moja yenye daftari. Fundi aliyetoka alikuwa mwanamke. Hakugusa betri kwanza, alileta mita. Injini ikiwa imezimwa, akanionyesha volti 12.4. Akawasha, akapandisha mzunguko, namba ikabaki palepale. "Kaka, hapa inatakiwa ipande mpaka 14 hivi. Betri yako haina kosa, hailishwi." Kosa lilikuwa rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri; kiungio cha nyaya zake kimeungua hadi plastiki ikageuka rangi. Kifaa hicho kilikuwa ndani ya dhamana ya kiwanda, na wao wakaidai ingawa sikununua kwao.

Siyo malaika. Rektifaya ilichukua siku tisa kufika na hakuna aliyenipigia, nilipiga mimi, mara nyingine simu inaita mpaka inakata. Nyota moja naikata hapo bila huruma. Lakini nilipokwenda kuichukua nilipewa kile kifaa kibovu kwenye mfuko, nikione kwa macho yangu, na tangu siku hiyo kila kilichobadilishwa hurudi hivyo, hata plagi, hata chujio linalochuruzika. Karatasi yao inaandika aina ya oili, si neno "oili" peke yake. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze, hivyo chupa inapaswa kuwa na alama ya JASO MA au MA2. Kwenye duka la kwanza nilipouliza waliweka ipi, nilijibiwa "ile nzuri".

Kwenye sevisi yangu ya kwanza pale, fundi aliniita akanionyesha picha kwenye simu: nati ya kumwagia oili, washa ya zamani imebondeka kama karatasi, nyuzi za nati zimeanza kulika. Aliyeikaza kabla hakutumia spana ya kupimia nguvu. "Huyu hakuwa anafunga nati, alikuwa anapigana na mtu," akasema, akaweka nati na washa mpya. Nilicheka, ingawa pikipiki ilikuwa yangu.

Nikamuuliza kuhusu valvu, kama naweza kuileta asubuhi na kuichukua mchana. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kuchemsha maji bila moto. "Uilete jioni, ilale hapa. Asubuhi kabla sijanywa chai ndiyo nitaifungua." Ikalala. Kesho yake mchana nikapewa karatasi yenye namba za valvu zote nne zilizoandikwa kwa mkono, kila valvu na kipimo chake, kabla na baada. Mbili za kutolea moshi zilikuwa zimebana.

Karatasi hiyo ninayo ndani ya kitabu cha sevisi, imebanwa kwenye ukurasa uleule wenye muhuri wa duka la kwanza. Sevisi inayofuata imeshafika, nimeandikiwa tarehe. Kesho jioni pikipiki inalala pale, mimi narudi kwa miguu.